Anayetega awe na jibu: fumbo la filamu za upelelezi na fumbo la tamthilia za kisayansi

Nimemaliza kuangalia filamu ya upelelezi Wake Up Dead Man kwa mara ya pili, na wiki hiyohiyo nikarudia episodi za mwisho za tamthilia ya kisayansi Pluribus, mdogo wangu yuko pembeni anachambua mchele huku jicho moja liko kwenye skrini, akaniuliza swali ambalo limenikaa kichwani mpaka leo. "Dada, mbona ile ya kanisani ulikuwa umetulia tu saa mbili nzima hujui muuaji ni nani, halafu hizi zako za kisayansi ikifika episodi ya tatu unaanza kulalamika hawatuambii?"

Nikataka kumjibu haraka haraka nikakuta sina jibu la haraka. Maana kweli zote mbili zinatuficha kitu, zote zinatufanya tukae mbele ya skrini mpaka usiku wa manane bando linaisha, sasa kwa nini moja naiamini na nyingine naikagua kama mtu anayehesabu chenji? Hilo ndilo nataka tulifungue hapa taratibu, kwa sababu naona watu wengi tunabishana kuhusu filamu na tamthilia hizi bila kutenganisha vitu viwili vinavyofanana sura tu. Nitaspoili Glass Onion, Severance na sehemu ya Pluribus, kama hujaziona na unataka kuziona ziangalie kwanza. Muuaji wa Wake Up Dead Man sitamtaja, hata mniombe.

Nianzie nyumbani. Mama mkubwa alikuwa akitutegea vitendawili umeme ukikatika. "Kitendawili!" Tega. "Nyumba yangu haina mlango." Tunahangaika weee, mmoja anasema kaburi, mwingine anasema mtungi, tukishindwa anasema nipeni mji, tunampa Zanzibar, anakwenda huko Zanzibar anakula, anavaa, anapokelewa kama malkia, ndipo anarudi anatuambia: yai. Na sote tunapiga kelele kwa sababu yai lilikuwa jikoni pale pale, tumelishika asubuhi. Sasa angalia kilichomo ndani ya mchezo ule. Anayetega anajua jibu kabla hajafungua mdomo. Jibu ni kitu tunachokijua wote, si kitu alichokileta kutoka mwezini. Na tukishindwa tunatoa mji lakini jibu tunapata usiku uleule. Mama mkubwa asingeweza kuchukua Zanzibar, akachukua Mombasa, akachukua Tanga, halafu akasema jibu njooni mwakani.

Filamu ya upelelezi imesimama kwenye makubaliano hayohayo, tena wenzetu Uingereza waliyaandika kabisa. Mwaka 1929 padri mmoja Mkatoliki anaitwa Ronald Knox, ambaye pia alikuwa mwandishi wa hadithi za upelelezi, aliweka amri kumi za hadithi hizi: mpelelezi asije akawa yeye ndiye muuaji, mambo ya miujiza yasiwe sehemu ya jibu, chumba cha siri kisizidi kimoja, mapacha wasitokee ghafla bila msomaji kuandaliwa, na kila dokezo analoliona mpelelezi msomaji naye alione. Mwaka uliofuata, 1930, ikaanzishwa Detection Club, chama cha waandishi wa hadithi za upelelezi, kule London, wamo akina Agatha Christie na Dorothy L. Sayers, na mwanachama alikuwa anakula kiapo kwamba wapelelezi wake watafumbua kesi kwa akili zao, hawatategemea ufunuo wa Mungu wala bahati nasibu. Kiapo kilikuwa na mchezo mchezo ndani yake lakini jambo lenyewe ni zito, ni mtega kitendawili anaapa mbele ya watu kwamba jibu analo. Na sisi wenyewe tunayo hii kwenye Kiswahili, aliyesoma vitabu vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar anamjua Bwana Msa na kiko chake, anamjua na Najum rafiki yake, na anajua kwamba Bwana Msa akifika mwisho akaanza kueleza, unarudisha kurasa nyuma unakuta kweli kilikuwepo, wewe ndiye hukukiona.

Sasa Wake Up Dead Man. Ni filamu ya tatu ya Rian Johnson yenye mpelelezi Benoit Blanc, anachezwa na Daniel Craig, ya kwanza Knives Out ilitoka 2019, ya pili Glass Onion 2022, hii ikaingia Netflix tarehe 12 Desemba 2025 baada ya kupita majumba ya sinema kidogo. Mambo yanatokea Ijumaa Kuu. Monsinyori Wicks, padri mkali anayewashika waumini wake kwa hofu, anamaliza mahubiri, anaingia kwenye kijichumba cha kando ya altare, watu wanaona ameingia peke yake, na muda mfupi baadaye yuko chini na kisu mgongoni. Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyetoka. Nyumba yangu haina mlango, yaani ni kitendawili kilekile cha mama mkubwa ila safari hii ndani ya yai kuna maiti. Filamu yenyewe inamtaja John Dickson Carr na kitabu chake cha The Hollow Man cha mwaka 1935, ambamo mpelelezi anaacha kabisa hadithi na kuanza kuwahutubia wenzake kuhusu njia zote ambazo mtu anaweza kuuawa ndani ya chumba kilichofungwa. Fikiria ujasiri huo, mtega kitendawili anakupa orodha ya majibu halafu bado anakushinda.

Kilichonigusa zaidi lakini si kijichumba. Kuna sehemu padri kijana, Jud, anachezwa na Josh O'Connor, yeye ndiye anayeshukiwa, anapiga simu kwenye kampuni ya ujenzi kutafuta taarifa ya kumwokoa, mwanamke wa upande wa pili anaitwa Louise anaongea anaongea haishii, na sisi tunacheka na kukereka pamoja na Blanc aliyesimama pale anataka jibu, mara sauti ya yule mama inabadilika na anamwomba padri amwombee, mama yake mzazi anaumwa yuko karibu na kufa. Na Jud anaacha kila kitu. Kesi inasimama, filamu inasimama, anaingia chumba kingine anasali na mtu asiyemjua kwa simu. Mdogo wangu aliacha mchele. Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani fumbo ndiyo filamu nzima, hapana, fumbo likiwa imara linampa mwandishi nafasi ya kutuletea kitu kingine kabisa katikati, na tunakubali kusubiri kwa sababu tunajua jibu lipo na tutalipata kabla taa hazijawashwa.

Halafu kuna Glass Onion, hii ndiyo ninayoitumia kila mara nikitaka kumwonyesha mtu maana ya kucheza kwa haki. Duke, mmoja wa wageni, anakunywa, anaanguka, anakufa, na mwenyeji wao bilionea Miles Bron anasema jamani ile ilikuwa glasi yangu, kuna mtu alitaka kuniua mimi. Filamu inaturudisha nyuma inatuonyesha Duke mwenyewe akichukua glasi mezani kwa makosa. Sote tunakubali. Sasa rudisha nyuma kwa mkono wako, nenda kwenye tukio lenyewe lilipotokea mara ya kwanza: Miles anampa Duke glasi mkononi, wazi, mbele ya kamera, mbele ya macho yako. Kumbukumbu ile ya pili ndiyo ilikuwa ya uongo, ni maneno ya Miles yamevishwa picha. Mimi niliporudi nikaona nilikaa kimya muda mrefu, nikawaza ni mara ngapi kwenye maisha mtu mwenye fedha na sauti kubwa amenisimulia kitu nilichokiona mwenyewe na nikaanza kukumbuka anavyosema yeye. Hata ile ya mapacha ambayo Knox aliikataza, Johnson anaitumia, lakini anaifichua katikati ya filamu, hakuiweka mwisho kama jibu la kutushtua, kwa hiyo pacha anakuwa mtu tunayemfuata na kumwogopea, si ujanja.

Kwa hiyo jibu la nusu ya kwanza ya swali la mdogo wangu ni hili: kwenye filamu ya upelelezi natulia kwa sababu kazi imekwisha kabla sijabonyeza kitufe. Mtu ameandika mwisho, amerudi mwanzo akapanda madokezo, akapiga picha, akahariri. Natakiwa kutafuta tu.

Tamthilia ya kisayansi ni habari nyingine. Kwanza fumbo lake si nani kafanya. Fumbo ni hii dunia ni nini. Kwenye Silo watu 10,000 wanaishi ndani ya shimo lenye ghorofa 144 chini ya ardhi na hawajui nani amelijenga wala kwa nini, kwenye Severance wafanyakazi wanapanga namba kwenye kompyuta na hawajui namba ni za nini. Ukikosea kumjua muuaji umekosea mtu mmoja, ukikosea kuijua dunia umekosea kila kitu ulichokiona tangu episodi ya kwanza. Na pili, hapa ndipo penye maumivu, tamthilia unaiangalia wakati bado inaandikwa. Anayetega kitendawili yuko katikati ya sentensi.

Ndugu zangu waliopitia Lost wananielewa. Ilianza Septemba 2004 kwenye ABC ya Marekani, ndege imeanguka kisiwani, ghafla kuna dubu wa barafu kwenye msitu wa joto, kuna kitu msituni kinanguruma kinang'oa miti, kuna mlango wa chuma ardhini. Kila wiki swali jipya. Mmoja wa walioianzisha, J.J. Abrams, mwaka 2007 alipanda jukwaani kwenye mkutano wa hotuba wa TED akaonyesha sanduku la mazingaombwe alilonunua zamani dola 15 na hajawahi kulifungua, akaeleza kwamba kwake sanduku lililofungwa lina thamani kuliko kilichomo, kwa sababu linabeba uwezekano wote. Mimi naelewa anachosema na kwa sanduku la mtu binafsi ni jambo zuri kabisa. Ila sanduku lake hatukulisubiri miaka sita. Kingine ambacho watu hawakizungumzii ni biashara: kituo cha televisheni cha wakati ule kinaishi kwa matangazo, tamthilia ikipendwa hakitaki iishe, sizoni moja inafika episodi zaidi ya 20, sasa mwandishi anajibu vipi swali wakati hajui amebakiwa na episodi 10 au 100? Anachelewesha. Anaongeza mlango ndani ya mlango. Ndiyo maana Mei 2007 waandishi wa Lost na ABC walikubaliana hadharani kwamba itaisha 2010, na ukiangalia utaona tangu hapo hadithi inapata mwendo, maana sasa walijua barabara ina urefu gani. Iliisha tarehe 23 Mei 2010 na hadi leo watu wanagombana, mimi niko upande wa waliolia kwa ajili ya wahusika na kubaki na madai kuhusu kisiwa.

Sasa weka pembeni Dark, ya Wajerumani, Baran bo Odar na Jantje Friese, 2017 hadi 2020. Sizoni 3, episodi 26, mji mdogo unaitwa Winden, watoto wanapotea na kila kitu kinazunguka kwa miaka 33, 1953, 1986, 2019. Nilikuwa na daftari. Niliandika nani ni mama wa nani, na kuna mahali mishale yangu ikaanza kurudi ilikotoka nikadhani nimekosea, kumbe sikukosea. Wale waliitega hadithi ya sizoni tatu na wakaimaliza kwa tatu, tena sizoni ya mwisho ikatoka tarehe 27 Juni 2020, siku ileile ambayo ndani ya hadithi dunia inaisha. Hiyo kwangu ni heshima kwa mtazamaji, ni mtu anakuambia nilikuwa nakuwaza wewe tangu mwanzo.

Lakini walewale wawili wakatengeneza 1899, ikatoka Novemba 2022, meli, abiria wa lugha mbalimbali, fumbo juu ya fumbo, nikaanza daftari jipya, na Januari 2023 ikafutwa baada ya sizoni moja tu. Hii inaonyesha hatari nyingine ambayo si kosa la mwandishi hata kidogo. Anayetega anaweza kuwa na jibu mkononi kabisa na mwenye nyumba akazima taa. Ndiyo maana siku hizi nikisikia tamthilia mpya ya fumbo nauliza kwanza imepewa sizoni ngapi, kabla hata sijauliza inahusu nini. Silo nimeifuata kwa amani kwa sababu imetoka kwenye vitabu vya Hugh Howey ambavyo vimeshaandikwa hadi mwisho, na Apple walishatangaza mwishoni mwa 2024 kwamba sizoni ya nne ndiyo ya mwisho. Jibu lipo kwenye karatasi.

Severance ndiyo inayonipa kazi zaidi na ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa hiyo nikae hapo. Watu wanafanyiwa operesheni ya ubongo, ukiingia na lifti kazini unasahau maisha ya nje, ukitoka unasahau ya kazini, kwa hiyo ndani ya mwili mmoja kuna watu wawili na yule wa ndani hajawahi kuona jua, kila akifumba macho kutoka anayafumbua yuko kazini tena. Mimi nimefanya kazi ya zamu miaka mingi na sijaona hadithi iliyoeleza uchovu ule kwa ukweli kama hii. Sizoni ya kwanza iliisha tarehe 8 Aprili 2022 Mark, mhusika mkuu, akipiga kelele kwamba mke wake aliyedhani amekufa yu hai, na tukakaa mpaka tarehe 17 Januari 2025 ndipo sizoni ya pili ikaanza. Karibu miaka mitatu, sehemu yake ikiwa ni ule mgomo wa waandishi na waigizaji wa Hollywood wa 2023. Muda wote huo mtazamaji anajiuliza, jamani, jibu mnalo?

Halafu wakatujibu kwa namna ambayo Knox angefurahi. Sizoni ya pili inaanza, Helly, mfanyakazi mwenzake Mark, anarudi kazini na wenzake wanaulizana waliona nini huko nje, yeye anasema alikuta mtunza bustani wa usiku. Mtunza bustani wa usiku! Watu wakashtuka hapohapo episodi ya kwanza, wakasema huyu si Helly, huyu ni Helena, yule wa nje, mtoto wa wenye kampuni, amejifanya wa ndani. Wengine wakabisha, wiki tatu watu wanapima namna anavyotembea na anavyocheka, na episodi ya nne Irving, mwenzao wa kazini, akamshika kichwa ndani ya maji ya baridi mpaka ukweli ukatoka. Waliobahatisha hawakubahatisha, walipewa dokezo na wakalitumia. Kitendawili kilitegwa kikajibiwa ndani ya mwezi mmoja, na hapo mimi nikaamini kwamba hata yale makubwa wameyaandaa. Lile kubwa la namba nalo wamelilipa, tumejua kwamba Mark alikuwa anapanga hisia za mke wake mwenyewe Gemma bila kujua, na hilo jibu linaumiza kuliko swali, ndiyo dalili ya jibu zuri. Fumbo la mbuzi wanaofugwa ndani ya kampuni kwangu bado. Tumeambiwa ni wa kuzikwa na mtu ili wamwongoze roho yake, sawa, lakini idara nzima ya mbuzi na yule mama wa mbuzi nahisi ni mlango uliofunguliwa nusu. (Na niseme tu, Tramell Tillman anayecheza Milchick, msimamizi wao, aliposhinda tuzo ya Emmy Septemba 2025, mwanaume mweusi wa kwanza kuichukua ile ya mwigizaji msaidizi kwenye drama, nilisimama sebuleni nikapiga makofi peke yangu.)

Pluribus sasa, ya Vince Gilligan, ilianza Novemba 2025, hii imegeuza meza yote. Unaingia umejiandaa kusubiri sizoni tatu kujua kimetokea nini, na episodi ya kwanza wanakuambia kila kitu: ishara imetoka umbali wa miaka ya mwanga 600, ndani yake kuna maelekezo ya kutengeneza RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya vinasaba), wanasayansi wameitengeneza, imewatoka maabara, dunia nzima imekuwa akili moja yenye furaha isipokuwa watu 13, na mmoja wao ni Carol, mwandishi mwenye huzuni kule Albuquerque, anachezwa na Rhea Seehorn. Sanduku limefunguliwa mbele yako siku ya kwanza. Swali linalobaki ni Carol afanyeje, na hilo hakuna mtu wa kulificha kwa sababu hata yeye hajui. Na wakati walipotutega kweli, Carol anagundua wale watu wa akili moja wanakunywa nini kwenye yale makasha ya maziwa, anaona kitu ghalani anashtuka episodi ikaisha, nikasema haya, ndiyo yaleyale. Episodi iliyofuata Carol anaendesha gari mpaka Las Vegas kumpelekea mwenzake, mmoja wa wale 13, habari ya kutisha kwamba protini ile inatokana na maiti za watu, na mwenzake anamwambia anajua, wameshamweleza zamani. Fumbo limekufa, na badala yake tunabaki na Carol aliyegundua kwamba wengine kati ya wale 13 wanakutana bila yeye. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, upweke wake, protini ilikuwa njia tu ya kutufikisha.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu, silalamiki kwa sababu wanaficha, mama mkubwa naye alikuwa anaficha. Naangalia kama kuna madeni madogo yanalipwa njiani, naangalia kama wahusika wenyewe wanauliza maswali ambayo mtu yeyote angeuliza akiwa pale, maana mhusika akiona dubu wa barafu na asimwulize mwenzake kwa nini, huyo amezibwa mdomo na mwandishi ambaye hana la kumpa aseme. Na naangalia jibu likija linabadilisha nini kwa mtu, Mark na zile namba, Carol na safari ya Las Vegas.

Akasema sawa, akafikiri kidogo, akaniambia rudisha ile ya kanisani pale padri anapoingia kwenye kijichumba. Nikarudisha. Akasogea karibu na skrini, mchele ameuweka chini, akaangalia mara ya kwanza kimya, akaniambia tena, mara ya pili akanishika mkono nisimamishe picha, akanyoosha kidole. "Kumbe hiki kilikuwepo muda wote?"

Kilikuwepo, nikamwambia, tangu tulipokaa.